Meno ya Mzee Pamba

Uziwi wa Mzee Pamba ulikuwa wa kweli kwa wiki chache tu. Baada ya hapo ulikuwa ufundi, na mzee alikuwa fundi kweli kweli.

Ulianza na homa. Homa ikamziba masikio yote mawili, ndi! Akawa anaona midomo ya watu inachezacheza mbele yake bila kutoa kitu. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa darasa la kwanza na ndiye mwenye nyumba, alilia, akanunua pamba, akamziba masikio ili yasiingie baridi. Hapo ndipo mtaa mzima ukampa jina. Hata wale waliomletea saa zao kutengenezwa miaka yote wakasahau kwamba aliwahi kuitwa kitu kingine.

Basi asubuhi moja masikio yakafunguka. Hivi hivi tu, bila dawa. Alikuwa kitandani, akasikia bomba la uani linadondosha maji, kisha akasikia saa yake ya ukutani, na papo hapo akajua kwamba inachelewa. Akakurupuka amwite binti yake ampe habari njema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka! Lakini mlango ukasukumwa, mjukuu wake akaingia na kikombe cha chai, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kuzungumza.

Sasa, huyu mjukuu lazima tumweleze. Ni msichana mkubwa, shule amemaliza, akili anazo za kumtosha na za kuwaazima wenzake. Ila ana kigugumizi. Neno likimkwama, linakwama, na kabla halijatoka mama yake ameshalitoa. Mama ana haraka, ana huruma, na juu ya hayo ni mwalimu. Sentensi ikikaa nusu mbele yake anawashwa mwili mzima. "Mama, na-na-naomba..." "Uji! Huo hapo mwanangu." Msichana anautazama uji ambao hakuuomba, anaunywa. Hata habari ya ushonaji ilikuwa hivyo hivyo. Siku walipokaa kuzungumzia maisha yake ya mbele, msichana alisema, "Mimi nataka nisomee," akakwama, na mama akadaka: "Ushonaji!" Akapiga makofi kwa furaha, kesho yake akaazima cherehani kwa jirani. Ikawekwa sebuleni, ikafunikwa shuka, ikawa inasubiri chuo kifunguliwe.

Huyo ndiye aliyekaa kitandani kwa babu yake asubuhi ile, akijua mzee hasikii hata radi.

"Naam, wasikilizaji," alianza, kwa sauti ambayo mzee hakuwahi kuisikia, nzito na ya madaha, "tunawaletea matangazo haya moja kwa moja kutoka jikoni. Mama anaingia uwanjani na sufuria. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anachukua chumvi. Anatia. Anaonja. Anatia tena! Jamani, anatia tena! Refa yuko wapi? Refa anapiga mswaki, wasikilizaji, haoni kitu!"

Aliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Hapa na pale neno lilikwama, likakaa, likajitoa lenyewe, mchezo ukaendelea. Mzee Pamba alivuta blanketi akaling'ata ili asicheke. Huyu ndiye mtoto ambaye hajawahi kumaliza salamu? Alipopewa kikombe alikipokea, akapaaza sauti kama viziwi wanavyofanya: "AHSANTE! MVUA ITANYESHA!"

Tangu siku ile hakupona tena.

Tusimpambe mzee wa watu. Faida nyingine nazo alizifaidi. Akiambiwa atoe taka, alijibu, "NA WEWE PIA." Wageni wa kuchosha walimchoka wao kwanza. Na binti yake, ambaye alikuwa peke yake tangu mumewe afariki, alizoea kukaa karibu na kiti cha baba na kuzungumza kwa simu na yule fundi aliyepaka rangi madarasa ya shule yao, huku akicheka kicheko ambacho wanafunzi wake wangeshtuka kukisikia. Mzee alijitia hamnazo, akatazama ukuta. Sufuria zilianguka nyuma yake, milango ikapigwa, hakupepesa. Alijifunza hata kutogeuka akiitwa.

Lakini moyoni alijua analinda nini, na hilo halikuwa mzaha. Nyumba nzima, mtaa mzima, msichana yule alikuwa na mahali pamoja tu pa kusema mpaka mwisho, napo ni mbele ya masikio mabovu. Siku akijua kwamba yanasikia, basi. Ataanza kugugumiza hapo pia, na hatakuwa na pa kwenda tena.

Aliyejua siri ni mtu mmoja, Kinyozi wa pale kona, na yeye aliijua kwa sababu ya kioo. Alimtolea mteja mwingine kichekesho akiwa nyuma ya Mzee Pamba, akainua macho, akamwona kiziwi kwenye kioo anavunjika mbavu.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sauti ya binti. Mchana anapiga kelele darasani, jioni anampigia kelele baba yake, mwisho koo likachoka, sauti ikawa inatoka na mikwaruzo. Siku moja mezani akamwambia mwanawe, na mzee yupo hapo hapo anakula wali:

"Nimepata habari, pale hospitali wana mashine. Hii haikuulizi wewe kama unasikia, inauliza ubongo wako. Wanakuvisha kofia ya nyaya, wanakupigia mlio sikioni, ubongo ukijibu wanauona kwenye kompyuta. Wakishajua kilichobaki ni kiasi gani, wanakupa kifaa cha kusikia. Jumanne tunampeleka babu yako."

Wali ulimpalia Mzee Pamba. Wakampiga mgongoni, wakamnywesha maji, wakamwonea huruma.

Kesho yake alikuwa kwa Kinyozi kabla duka halijafagiliwa.

"Nimekwisha," alisema. "Mdomo naweza kuunyamazisha. Ubongo nitauambia nini?"

Kinyozi alicheka, kisha akafikiri. Ujanani aliwahi kuanguka kifafa, akapimwa kichwa kwa mashine za aina hiyo, na alikumbuka kila alichokatazwa. "Yule dada aliniambia: usije na mafuta kichwani, nyaya hazitashika. Usitafune. Usiume meno. Utaniharibia mchoro. Sasa wewe, mzee wangu, unataka mchoro wa namna gani?"

"Ulioharibika."

"Basi kazi imekwisha." Na akachota mafuta ya mgando kwa vidole vinne.

Jumanne ikafika. Chumba cha kipimo kilikuwa mwisho wa korido, na mwenye chumba alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, mwenye sura ya mtu aliyedanganywa na wagonjwa wa kila aina na bado anafurahia kazi yake. Wote pale walimwita Fundi. Alimketisha Mzee Pamba, akaweka mkono kichwani kwake, mkono ukateleza hadi sikioni.

"Ala! Mama, huyu mzee mlikuwa mnataka kumkaanga?"

"Mimi?" Binti alitamani ardhi ipasuke. "Asubuhi alikuwa mkavu! Baba! BABA, UMEPAKA NINI?"

"SALAMA TU!" mzee akajibu.

Msichana aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimcheza. Fundi alimpeleka mzee kwenye sinki, akamwosha kwa sabuni, akarudia, akamsugua ngozi ya kichwa kwa pamba yenye spiriti mpaka ikawaka moto. Kisha akamvisha kofia ya kitambaa iliyojaa vibati vidogo vya madini, kila kimoja na waya wake, na kila kimoja akakitilia jeli ya baridi kwa bomba la sindano butu. Ujanja wa kwanza ukawa umekwenda na maji ya sinki.

Chumba kilikuwa na sehemu mbili. Ndani kulikuwa na kiti, kipaza sauti, na kuta zilizovishwa godoro ili pawe kimya. Nje, upande wa pili wa kioo kikubwa, kulikuwa na meza ya kompyuta. Fundi aliwaeleza wanafamilia kwamba kila kinachosemwa ndani kinasikika mezani kwake, lakini kutoka mezani hakiingii kitu mpaka yeye abonyeze kitufe. Kisha akawatoa, wakakae kwenye benchi la korido. Akamtia mzee vidude vya masikioni, akafunga mlango.

Kimya. Halafu, piii.

Mzee Pamba akauma meno.

Kimya tena, kirefu kidogo. Piii. Akauma. Akaachia. Milio ilikuja kwa kuviziana, mmoja mapema, mwingine umechelewa, mmoja wa kelele, mwingine mdogo kama mbu wa chumba cha jirani, lakini nani wa kumvizia fundi saa? Sikio lake lilikesha maisha yake yote likisikiliza vitu vidogo kuliko hivyo. Kila mlio alioupata, aliuma. Katikati aliipumzisha taya kwa makusudi, isije ikachoka kabla ya mwisho. Haukumpita hata mmoja. Fundi aliingia, akamgusa shavu, akamwonyesha kwa mikono: legeza, legeza. Mzee akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kama mtoto, na Fundi alipotoka akaendelea kuuma vile vile. Mashavu yalimuuma lakini roho ilikuwa kwatu. Alijiona kijana.

Mwisho milio ikakoma. Mzee alichungulia kwenye kioo. Fundi alikuwa ameinamia meza, kichwa mikononi, mgongo unatikisika. Nimemliza maskini, akawaza mzee, na akaona vibaya kidogo.

Fundi aliingia akifuta miwani. Hakuwa analia. Alimtoa mzee vidude vya masikioni, akavuta kigoda akakaa nyuma yake, akasema taratibu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mzee wangu, mchoro umeuharibu. Hongera. Nimefanya kazi hii miaka na sijaona mtu anaharibu kwa ustadi huu."

Mzee Pamba alitazama ukuta.

"Ngoja nikueleze, na ukitaka usisikie, usisikie. Ubongo ukijibu mlio mmoja, jibu lake ni dogo mno, linamezwa na kelele za kichwa chenyewe. Hatulioni. Ndiyo maana tunaupiga mlio mara nyingi, halafu kompyuta inayapanga majibu yote juu ya mwenzake. Yale yanayotokea ovyo ovyo yanafutana yenyewe. Yanayoufuata mlio yanabaki. Sasa wewe ungeuma meno ovyo, ningehangaika nawe mpaka jioni. Lakini hukuuma ovyo. Umeuma kila baada ya mlio, kwa kipimo kile kile, hata kwa milio ambayo mimi mwenyewe siisikii. Na mahali nilipoacha pasiwe na mlio, hukuuma. Badala ya kilima kidogo cha ubongo umenichorea mlima mzima wa taya. Mzee, unasikia kuliko mimi."

Ukuta ulitazamwa sana.

"Nimeipata yote?" mzee akauliza hatimaye, kwa sauti ya kawaida.

"Yote."

"Hata ule mdogo, wa karibu na mwisho?"

"Hata ule."

Mungu amsamehe, alivimba kichwa chini ya ile kofia. Halafu akamkumbuka msichana kwenye benchi, na furaha yote ikamtoka. Akamweleza Fundi kila kitu, homa, chai, matangazo ya jikoni, mama anayedaka maneno, cherehani sebuleni. "Nakuomba, mwanangu," alisema. "Andika mimi kiziwi. Utapungukiwa na nini? Akijua nasikia, atanyamaza. Nitakuwa nimemnyang'anya ulimi."

"Hapana, baba. Mimi naandika ninachokiona. Nikianza kuandika ya huruma, kesho nitamnyima kifaa anayekihitaji."

"Basi umemmaliza mjukuu wangu."

Fundi hakukasirika. Alizungusha miwani kwa kamba yake. "Unasema anazungumza vizuri kwako kwa sababu husikii."

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Kwani kuna sababu gani nyingine?"

"Sijui. Ila hii ndiyo kazi yangu. Watu wanakuja wananiambia, ni kwa sababu ya hiki. Mimi nakiondoa hicho, naangalia kinachobaki." Akasimama. "Nina kipimo kingine, cha sauti ya mtu wa nyumbani. Kaa hivyo hivyo."

Kabla mzee hajapinga, mlango wa korido ulikuwa wazi na binti yake ameshasimama. "Sauti nitatoa mimi," alisema, yaani alikwaruza.

"Yako mama iko likizo. Nataka ya huyu."

"Mi-mi-mi..." msichana alianza.

"Anasema yeye hawezi," mama akadaka. "Ana kigugumizi, dada, tusimtese."

"Sijamsikia akisema hivyo," Fundi akajibu. Akamshika msichana mkono, akamwingiza ndani, akamketisha mbele ya babu yake na kipaza sauti katikati. "Zungumza lolote, na babu yako. Ujue tu kwamba mimi na mama tutakusikia kule. Wewe hutatusikia." Mlango ukafungwa.

Mzee Pamba aliona kijasho kinamtoka chini ya nyaya. Alitaka kusema, mwanangu ondoka, usijitese kwa ajili yangu. Hakusema. Aliogopa hata sasa.

Msichana alikitazama kioo. Mama alikuwa amesimama kule, karibu kabisa, mikono imefumbatwa. "Ha... ha... ha..." msichana akaanza, na likagoma.

Upande wa pili mdomo wa mama ukaruka. Ulionekana wazi unasema "Habari!" lakini ndani haikuingia hata pumzi. Msichana akajaribu tena: "Ha... ha..." Mdomo wa mama ukaruka tena, safari hii na mikono juu, na bado kimya kitupu, kama televisheni iliyozimwa sauti. Mama akagonga kioo kwa kidole. Fundi akamshika kidole.

Msichana alitazama. Akatazama tena, kama mtu anayeona kitu ambacho hakukitarajia duniani. Kisha akaanza kucheka, na akakivuta kipaza sauti karibu.

"Ha... haya, wasikilizaji! Leo tuko hospitalini, uwanja mpya, kuta za godoro. Nyuma ya kioo namwona mchezaji wetu hatari, Mama. Ameuona mpira. Anaukimbilia. Mdomo uko wazi, anataka kumalizia... haupati! Jamani, haupati! Leo mpira ninao mimi!"

Mama aliganda, mdomo vile vile wazi.

"Na hapa kitini yuko Babu, kavaa kofia ya nyaya. Kiziwi wetu. Kiziwi anayechekea chini ya blanketi. Kiziwi ambaye sa... sa..." Likakwama. Akalingoja. "Saa ya ukutani ikinyamaza, anaamka kuitia ufunguo. Babu, ulidhani sikuona?"

Mzee Pamba alisahau kutazama ukuta.

"Nimejua zamani, Babu. Nilitaka kukusema, kisha nikaona raha. Maana wewe ukinimalizia neno, umekamatwa! Kwa hiyo hukunimalizia. Nikikwama ulikuwa unatazama ukuta, unangoja. Na nilikuwa nakwama, hukumbuki? Hata kwako nakwama. Ila kwako neno langu nilikuwa naruhusiwa kulitoa mwenyewe."

Kumbe! Ni kweli, alikuwa akikwama. Mzee alikuwa amesikia kila mara na hakuwahi kuhesabu, kwa sababu kila mara neno lilikuja. Aliuma meno kwa nguvu zake zote, na kule mezani mistari ya kompyuta ikaruka yote kwa pamoja, lakini safari hii hakuwa anamdanganya mtu. Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta, kwa kuwa aliambiwa asiguse nyaya.

"Na Mama," msichana akasema, sasa akigeukia kioo, "kwa kuwa leo huwezi kunijibu. Cherehani irudi kwa mwenyewe. Mimi si... si... si..."

Lilikwama vibaya. Kifua kilimpanda, macho yakafumba. Nje, mama aliinua mikono yote miwili, na mzee akajua, sasa anagonga kioo, sasa anaharibu. Mama akajiziba nayo mdomo.

"Sitaki kushona," msichana alisema. "Nataka kusomea utangazaji."

Fundi alibonyeza kitufe. "Tumekupata vizuri," sauti yake ikaingia. "Kipimo kimekwisha."

Mlango ulipofunguliwa mama hakwenda kwa bintiye, kwa sababu huko hakujua aanzie wapi. Alimwendea baba yake. "Baba! Unasikia!"

"Nasikia, mama."

"Koo langu limekufa kwa ajili yako! Nimekupigia kelele mpaka majirani wananisema! Nimekukatia nyama vipande vidogo, sijui hata kwa nini, uziwi na nyama vinahusiana wapi! Siku zote umekaa pale kwenye kiti, kila ninalozungumza kwenye simu..."

"Fundi rangi hajambo?" mzee akauliza kwa upole.

Fundi wa kipimo aliinama kutafuta waya uliokuwa mbele ya macho yake. Binti alitazama huku, akatazama kule, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakosa la kusema. Mwanawe ndiye aliyepasuka kucheka, na kicheko kikawashika wote wanne, mpaka mtu wa chumba cha jirani akagonga ukuta.

Baadaye, mzee akiwa na jeli imemkaukia nyweleni, walipita kwenye mgahawa ulio nje ya geti la hospitali. Mhudumu akaja na kitambaa begani.

"MIMI MAZIWA YA MOTO!" Mzee Pamba akaagiza, na watu wa meza zote wakageuka.

"Babu, taratibu, tunasikia," mhudumu akamwambia. Mzee aliomba radhi. Kelele za kiziwi alizizoea, zingechukua muda kumtoka.

"Mimi soda," binti akasema. "Na huyu mletee chai ya maziwa, sukari vijiko vi..." Akasita. Aliweka mkono juu ya meza, akautazama. "Huyu muulize mwenyewe."

Mhudumu akamgeukia msichana.

"Na... na... na..."

Mhudumu, kijana mwema, akafungua mdomo amsaidie. Mama alimtupia jicho lile la darasani, akaufunga. Watu wa meza ya nyuma, waliokuwa wakimsubiri mhudumu, wakaanza kuguna. Msichana akakaza shingo, akapumua, akaanza upya, neno likamkwama pale pale. Mzee Pamba alimtazama binti yake. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, ameuma meno, taya zimemtoka pande zote mbili za uso.

"Naomba chai ya rangi," msichana akasema. "Isiwe na sukari."

Mhudumu akaondoka. Mama akamgeukia mwanawe polepole.

"Tangu lini hupendi sukari?"

"Ta... ta..."

Walingoja wote.

"Tangu utoto."

Chai ikaja, nyeusi, inatoa mvuke. Msichana akainywa bila haraka. Mama alikuwa bado ameuma meno.